Nazi Tunazijua, Kisiwa Hatukijui

Katika soko la Magomeni, muuza nazi mwenye mali nzuri hana haja ya maneno mengi. Huinua moja, akaitikisa karibu na sikio lako usikie maji, kisha akasema, "Ya Mafia hii." Kwa mpishi wa Dar es Salaam hilo linatosha. Mikeka ya ukili yenye rangi inayosukwa na wanawake wa kisiwa hicho tumeikalia kwenye maulidi na misiba tangu enzi za bibi zetu. Jina la Mafia liko midomoni mwetu kila wiki. Lakini pita nyumba kwa nyumba kutoka Magomeni Mapipa hadi Magomeni Kagera ukiuliza nani amefika Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa hicho, na utapata wachache: mwenye asili ya huko, mtumishi wa serikali aliyepangiwa kituo, labda fundi ujenzi aliyefuata kazi. Wengine wote, hata waliokwisha kufika Dubai mara kadhaa kununua mzigo wa Kariakoo, hawajakiona.

Jambo hili linanikera, na sababu yake si kwamba kila mtu lazima awe mtalii. Mahali ambapo wenye nchi hawaendi hapana msemaji. Chombo kikiwa kibovu, analalamika mkazi peke yake. Gofu la miaka 300 likidondoka ukuta, hakuna anayeuliza, maana hakuna aliyeliona limesimama. Mgeni kutoka ng'ambo akija atapiga picha, atalipa, ataondoka; hana kura wala mbunge wa kumbana. Kisiwa kinahitaji wageni wa nyumbani, watu watakaorudi mjini wakiwa na hoja.

Safari yenyewe si ya kutisha watu. Mafia imekaa mkabala na midomo ya mto Rufiji, na kiutawala ni wilaya ya mkoa wa Pwani, mkoa uleule wa Kibaha na Bagamoyo. Mtu wa Magomeni huamka alfajiri, akatafuta gari la Mbagala Rangi Tatu, na pale akapanda basi la kusini. Barabara ya Kilwa humpitisha Mkuranga, katikati ya mikorosho na minazi, mpaka Bungu, ambako njia ya Nyamisati hukata kushoto. Nyamisati ni bandari ndogo ndani ya mikoko. Hapo ndipo hupatikana kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na boti za watu binafsi. Wenye fedha huruka kwa ndege ndogo na kufika kabla hawajamaliza kusoma gazeti, lakini ndege haikuonyeshi delta, wala haikuonyeshi maji yanavyobadilika rangi, kutoka tope la Rufiji hadi buluu ya bahari kuu.

Najua kwa nini wengi husita. Katika mitaa yetu wamo waliofiwa kwenye MV Bukoba mwaka 1996, kwenye MV Spice Islander mwaka 2011, na kwenye MV Skagit mwaka 2012. Mama anayemkataza mwanawe kupanda chombo asionekane mshamba, ana kumbukumbu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu na kufika maeneo ya Mafia, kila mtu alikumbushwa kwamba bahari hii ina nguvu zake. Jibu la woga huo ni usalama unaoonekana kwa macho: jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, orodha ya majina inayoandikwa kweli, nahodha anayesubiri Mamlaka ya Hali ya Hewa itoe neno, na ratiba inayotangazwa mapema mpaka mtu wa Magomeni aijue kabla ya kuondoka kwake. Wakazi wa Mafia wamelipigania hili miaka mingi kwa sababu ndiyo njia yao ya kwenda hospitali kubwa, ya kupeleka watoto vyuoni na ya kuuza mazao. Sisi tukianza kusafiri nao, sauti yao itaongezeka.

Kilindoni ni mji mdogo wa bati na makuti, wenye misikiti, miembe, maduka ya jumla, bodaboda chini ya kivuli na mama lishe wanaoanza kukaanga mapema. Haukujengwa kupendeza watu. Wajerumani, waliokuwa wameweka makao yao kwenye kisiwa cha Chole, walihamishia utawala hapa mwaka 1913 kwa sababu meli zilipata kina cha kutosha. Mpaka leo ndio makao makuu ya wilaya. Nyumba za wageni zipo, za bei ambayo mwalimu au muuza duka anaimudu, na chakula ni kile tunachokipenda: wali, samaki wa tui, pweza, mchicha. Ningemshauri yeyote alale Kilindoni kwanza kabla ya kukimbilia hoteli za Utende. Mji huu una adabu ya mji wa pwani wa zamani, ambako mgeni husalimiwa na kuulizwa habari za atokako, na jibu "natoka Magomeni" humpatia ndugu wa mtu kabla ya Magharibi.

Na ni mbele ya mji huohuo, pale wavuvi wanapotegea dagaa, ndipo papa potwe huja kuanzia Oktoba hadi Machi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hana habari na nyama ya mtu. Hupanua kinywa na kuchuja viumbe wadogo wadogo waliomo majini. Wavuvi wa Mafia wanaishi naye. Anazunguka nyavu zao akivizia wanachokivua, na mara nyingine mtu aliyekaa kwenye mashua huona mgongo wa madoa meupe ukipita chini yake, mpana kupita mashua yenyewe. Watafiti huwapiga picha ubavuni na kuwatambua mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa, na wamegundua kwamba wengi wa hapa ni madume ambayo hayajapevuka. Wamegundua pia, kwa kuwafunga vifaa vya kutoa sauti, kwamba wengi hawasafiri mbali msimu ukiisha. Huhamia maji ya kina zaidi, hawaonekani, lakini wapo. Kwa maneno mengine ni majirani wa kudumu wa Kilindoni. Watu huvuka bahari mbili kuja kuwaona. Mtoto wa darasa la tano Magomeni anaweza kuchora twiga na simba akiwa amefumba macho, na hajawahi kusikia jina la papa potwe.

Kutoka Kilindoni barabara ya lami inakwenda Utende, upande wa mashariki, kwenye lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, baada ya Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994, wakati mabomu ya wavuvi haramu yalikuwa yakivunja matumbawe pwani nzima. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ndani yake mna aina zaidi ya 400 za samaki, mna nyasi bahari, mikoko, kasa wanaotaga kwenye fukwe za kisiwa cha Juani. Mna pia vijiji, na hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hawalitazami. Watu wa Jibondo, kisiwa cha wavuvi hodari, kwa miaka mingi walivutana na uongozi wa hifadhi juu ya nyavu na maeneo ya kuvulia. Siwalaumu. Ukimwambia mvuvi aache mwamba alioachiwa na babu yake, halafu akaona boti za wageni zimesimama palepale, lazima umwonyeshe faida yake kwa fedha taslimu, zahanati na shule. Kwenye kasa jambo limefanyika vizuri zaidi: vijana wa vijijini hulinda viota, na mgeni anayekuja kutazama vifaranga vikishuka baharini hulipa ada ambayo sehemu yake hubaki kijijini. Utaratibu wa namna hiyo ungepaswa kuwa kanuni kwa kila kivutio cha kisiwani.

Mashua ya Utende inakuvusha hadi Chole kwa muda mfupi. Chole ilikuwa mji mkuu wa funguvisiwa hivi katika karne ya 19, wakati wa masultani wa Zanzibar, na mashamba makubwa ya minazi ya wenye mali yalifanyiwa kazi na watumwa. Naandika hilo polepole kwa sababu linagusa jikoni kwetu. Nazi tunayoisifia ilianza kuijenga biashara ya Mafia kwa migongo ya watu walioshushwa kutoka bara, na baadhi ya wanaoikwea minazi leo ni wajukuu wao. Baadaye, mwaka 1890, Ujerumani ilimlipa Sultani marka milioni nne kwa ajili ya pwani ya Tanganyika, Mafia ikiwemo, na hakuna mkazi aliyeulizwa. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa, wakakifanya kituo cha ndege zilizoiwinda manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji, mpaka ilipoangamizwa Julai mwaka huo. Historia hiyo yote imeacha kuta: jela, majengo ya forodha na utawala, hekalu la Wahindi waliofanya biashara pale. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta hizo kiasi kwamba mti ukikatwa ovyo, ukuta utaanguka, na mti ukiachwa, utaupasua. Inahitaji fundi anayejua.

Juu ya miti ya Chole wananing'inia popo wakubwa wala matunda. Jamaa zao wa karibu kabisa wako Ngazija na visiwa vingine vya Komoro. Jamii hiyo haipatikani bara. Chini yao mafundi wa mashua wanachonga mbao kwa shoka na tezo, bila ramani ya karatasi, kama walivyofundishwa na baba zao. Ningependa mafundi wa samani wa Keko wakae nao mchana mmoja. Wangeulizana mengi.

Lakini moyo wangu uko Kua. Ni magofu ya mji mzima, upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani, yamefunikwa na msitu na mibuyu. Kuna misikiti kadhaa, makaburi, nyumba za mawe ya matumbawe na jumba la mtawala lililokuwa na ghorofa. Kua ilistawi katika karne ya 18. Mwanzoni mwa karne ya 19 walifika wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska, kwa kundi la mitumbwi, wakauvunja mji, wakaua, na wengine wakawachukua utumwani. Mji haukuinuka tena. Ukisimama ndani ya msikiti usio na paa, kibla kikiwa bado kimesimama, unafahamu kwamba ibada ya mahali hapa ilikatika ghafla.

Wanaotembeza wageni Kua wanasimulia pia kisa kikali zaidi cha kabla ya hapo, cha miji miwili hasimu, Kua na Kisimani. Siku ya kushusha jahazi jipya, watu wa mji mmoja waliwakamata watoto wa mji wa pili, wakawalaza mchangani na kulipitisha jahazi juu yao. Waliofiwa walinyamaza kwa miaka. Kisha wakaalika harusi, katika chumba cha chini ya ardhi, na wageni wakiwa wamezama katika sherehe mlango ukajengwa kwa mawe. Kila msimulizi ana toleo lake, na sishiki kwamba ni historia ya kuandikwa kwenye kitabu cha darasani. Nashika kwamba jamii iliyosimulia hivyo ilijua kitu kuhusu kiburi cha mali na kisasi, na ilitaka wajukuu wakijue mahali palepale kilipotokea. Simulizi hiyo ukiisikia kwenye redio Magomeni ni hadithi ya kutisha tu. Ukiisikia umekaa juu ya ukuta wa Kua, mbu wakikuuma, huisahau.

Kisimani yenyewe, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa, ni kongwe kuliko Kua. Tarehe ya Kilwa, kitabu cha kale cha historia ya mji huo, inaeleza kwamba mtawala wa kwanza wa Kilwa alimtuma mwanawe kutawala Mafia. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kisimani na kuchapisha taarifa yake mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji huo sasa imemezwa na bahari. Nako Juani, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba pangoni na kuonyesha kwamba watu walikaa visiwani hapa muda mrefu kabla Uislamu haujafika pwani. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza kinataja kisiwa kiitwacho Menuthias, chenye vyombo vya kushonwa na watu wanaotega samaki kwa vikapu kwenye mikondo ya maji. Wataalamu wanabishana kama ni Mafia, Unguja au Pemba. Mimi naona kwamba dema bado linasukwa Mafia na bado linategwa vilevile.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa ndipo uzembe unapojificha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kua na Kisimani zimo. Lakini majengo ya Wajerumani pale Chole ni ya miaka ya 1890 na kuendelea, kwa hiyo umri wake pekee hauyapi ulinzi huo. Yanahitaji tangazo la waziri. Mstari wa 1863 uliwekwa wakati nchi ina miaka mitatu ya uhuru na majengo ya mkoloni yalikuwa ofisi zinazotumika. Leo kuta hizo zina umri wa zaidi ya karne, nazo ni ushahidi wa utawala uliotununua kwa marka. Sheria itazamwe upya, na kabla haijatazamwa, kila jengo la namna hiyo visiwani litangazwe kwa jina.

Kilwa Kisiwani ilipata msemaji: iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, na kuta zake zimefanyiwa ukarabati zaidi ya mara moja. Mafia haina daraja hilo, na sitaki isubiri ilipate. Hapa Magomeni penyewe tunayo nyumba ya Mwalimu Nyerere, aliyokaa baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955, wakati TANU inajengwa. Serikali imeihifadhi kama makumbusho. Ni hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi, na watu wangapi wa mtaa huo wameingia ndani? Mlango upo wazi. Tukizoea kuingia pale na watoto Jumamosi moja, tukaangalia vyumba vile vidogo ambamo nchi ilipangwa, tutajua namna ya kutazama gofu la Juani: kwa kuuliza nani aliishi hapa, alikula nini, nani alimfanyia kazi, aliondokaje.

Wako waliofanya kazi ya kuandika. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alifika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, katika miaka ya 1960, na aliendelea kurudi kwa miongo. Kitabu chake "Mikidadi wa Mafia" kilichapishwa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota mwaka 2014, na kinaeleza maisha ya mwanakisiwa aliyehangaika maisha yake yote ili kwao papate shule na huduma. Anayetaka kwenda Mafia akisome kwanza. Atafika akijua kwamba kule kuna watu wenye hoja zao, waliochoka kuambiwa kwamba wanaishi peponi.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa kalenda. Shule hufungwa Desemba, na Desemba papa potwe wako Kilindoni, kusi imekwisha, na vyombo vina nafasi nzuri ya kuvuka kuliko Juni na Julai. Vikundi vya VICOBA, kamati za misikiti, kwaya, vyama vya wahitimu, wote huchangishana safari ya mwisho wa mwaka na wengi huishia kwenye ufukwe uleule wa Kigamboni. Safari moja ya kikundi ipelekwe Mafia. Mwongozaji achukuliwe kutoka kijijini, Juani kwa Kua na Chole kwa Chole, na alipwe yeye mwenyewe mkononi. Kwenye makaburi watu wavae na kutembea kama wanavyofanya kwenye makaburi ya kwao. Kwenye papa potwe hakuna kumgusa wala kumkatia njia. Na anayepanga ratiba aulize mapema mambo mawili: chombo cha Nyamisati kinaondoka saa ngapi, na maji ya Kua yatajaa saa ngapi siku hiyo, kwa sababu yakipwa mashua haifiki.